Wageni wa Darini

Nyumba yangu ya mtaa wa Barani nimeijenga mwenyewe, tangu msingi hadi bati. Nilitoka Vitengeni na gunia la makaa kichwani, nikasukuma mkokoteni wa kukodi, nikabebea watu mawe ya kujengea, nikanunua lori, nikaongeza la pili. Shule nilifika darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Leo anayejenga Malindi, apende asipende, atanipigia simu. Nayaeleza haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyechezewa na panya nyumbani kwake.

Chanzo kilikuwa dari. Mtaa mzima watu walikuwa wakilala wakitazama bati, mimi nikatia dari la jasi, jeupe, lenye maua pembeni. Majirani walikuja kulitazama wakisingizia kuomba maji. Sikujua kwamba kati ya jasi na bati nimewajengea panya ukumbi wa harusi. Walihamia mwezi uleule. Mchana kweupe, jua la utosi, unawasikia wakikimbizana juu ya kichwa chako kama watoto wa chuo cha Kurani ambao mwalimu ametoka.

Mama mkwe wangu anakaa nasi. Yeye ni mtu wa mjini hasa, wa zile nyumba za zamani, na tangu nimuoe bintiye hajaacha kuniangalia kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Alikuja na sharti lake. Ukitaka kumuua panya, usimtaje jina ndani ya nyumba. Anasikia, alisema, na akisikia hujilipa kwa nguo. Kwa hiyo anaitwa mgeni. Wakiwa wengi, wageni.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mimi niliyeliteremsha lori bila breki kutoka Mariakani, nimche mnyama wa kiasi cha ndara ya mtoto? Nikasimama katikati ya sebule, nikaliinulia dari uso, nikawatangazia kwa jina lao: panya, siku zenu zimekwisha.

Asubuhi kanzu yangu mpya ilikuwa na tundu. Si mkononi, si kwenye pindo. Mbele, pale ambapo mtu mwenye heshima zake hataki tundu. Mama mkwe aliiinua, akachungulia kupitia tundu lile, akanitazama kwa jicho moja. Tangu siku hiyo, katika nyumba ile hakuna aliyewataja wageni kwa adabu kunishinda mimi. Mkubwa wao, mwenye masharubu, aliyekuwa akijitokeza kwenye kona ya kabati bila kuona haya, nilimwita mzee; nyuma yake alikuja jike mnene akiwaongoza wengine.

Adabu haikunisaidia. Nilileta paka kutoka meza za samaki, sikio moja, jambazi kabisa. Kumbe alizoea kutupiwa. Siku ya tatu nilimkuta amejinyoosha kwenye kochi, na mzee anapita mbele yake bila haraka. Nikatega gundi, ikanasa ndara za mke wangu zote mbili, naye akaniambia maneno yasiyoandikika. Nikatega mtego wa chuma, wakala chambo na kuuacha wazi kama mdomo wa mtu aliyeshangaa.

Hapo ndipo ikaja posa. Binti yetu, mwalimu wa watoto wadogo, alikuwa ametakiwa na kijana wa watu wa visiwa vya kaskazini, ukoo wa wafanyabiashara, watu wanaozungumza taratibu na kunyoosha kanzu kabla ya kukaa. Wakaleta salamu kuwa watafika Jumamosi baada ya Alasiri, waione nyumba na waseme neno lao. Binti yangu si mwombaji wa vitu. Lakini alikuja akakaa karibu yangu, akasema, "Baba, huyu nampenda. Nakuomba siku hiyo huko juu kuwe kimya."

Kwa maneno hayo ningeweza kubomoa nyumba. Nikatafuta sumu iliyo kali kuliko zote sokoni, nikaipaka kwenye vipande vya papa mkavu, maana wageni wetu nao wamezaliwa pwani, unga hawaugusi. Jumamosi asubuhi nikapanda ngazi, nikafungua kidirisha cha darini, nikavitandaza vyote huko, nikafunga, nikanawa mara tatu. Huku nyuma mama mkwe akaanza kumpika papa mwingine, aliye salama, kwa tui zito, kwa ajili ya watu wa posa. Mimi nikaenda kusimamia mawe yangu yakishushwa. Papa wa namna mbili chini ya bati moja, na wageni wa namna mbili, na bado nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Nilirudi mnamo saa nane kupitia mlango wa nyuma, vumbi tupu, nikijua nina nafasi ya kuoga. Nisichojua ni kuwa basi lao liliwahi. Walifika mara tu baada ya Adhuhuri, mke wangu akanipigia simu, nayo simu ilikuwa inalia peke yake kwenye kiti cha lori. Alikwisha kuwatandikia na kuwapakulia. Mama mkwe alikuwa jikoni. Siku hizi masikio yake yamechoka, ukizungumza naye lazima upaze sauti, naye hujibu kwa sauti ileile. Kati ya jikoni na sebule pana pazia tu.

"Shikamoo, mama. Wageni vipi?"

"Marahaba. Wanakula, mwanangu."

Nikafurahi. "Papa wamemgusa?"

"Wanamla vizuri. Mzee ameongeza."

"Alhamdulillahi. Basi mzee hafiki Magharibi."

"Ati nini?"

Nikajaza kifua. "Nasema mzee hafiki Magharibi! Dawa niliyomtilia papa si mchezo. Watalala wote hapohapo walipo, sisi kazi yetu kuwazoa kwa koleo. Na yule jike mnene anayewaongoza, hakikisha amekula."

Mama mkwe akauacha mwiko ndani ya sufuria. Sebuleni, ambako nilidhani hakuna mtu, nikasikia sahani ikiwekwa chini polepole. Kisha nyingine. Pazia likafunguka, mke wangu akatoa uso tu. Sijawahi kuona uso wenye maneno mengi namna ile usioweza kusema hata moja.

Nikaingia. Wanaume watatu na shangazi mmoja wa kijana, mwanamke mwenye mwili wake, mashaallah. Mkubwa wao alikuwa na masharubu meupe, na kwenye masharubu palikuwa na tone la tui.

"Bwana," aliniuliza kwa upole wa kwao, "sisi tumekukosea nini?"

Kujitetea ni kuwataja. Sumu iko juu, wale wa darini hawajamaliza kuila, na kanzu yangu ya pili na ya mwisho imetundikwa chumbani. Halafu nikaona kwenye ufa wa mlango wa ukumbi jicho la binti yangu, limejaa machozi. Nikasema moyoni, kanzu na iende.

"Panya, mzee wangu. Nilisema panya. Panya wako darini, nimewatilia sumu, na hapa nyumbani tunawaita wageni." Nililitaja jina lao mara tatu, kwa sauti ya mnadani.

Hawakuniamini. Nisingeamini hata mimi. Basi nikanawa, nikachutama na vumbi langu, nikala kutoka sahani ya mzee, nikahamia ya pili, ya tatu, nikamaliza na ya shangazi, nikakomba bakuli la mchuzi kwa kidole. Kisha nikakaa. Wakanitazama kama watu wanaongoja chungu kichemke. Nilikuwa nimeshiba, nikajizuia nisicheue, wasije wakafikiri ndiyo roho inatoka.

Juu yetu vikapita vishindo vidogo, vikayumba, vikasimama. Kitu kikaanguka, pu, sawasawa juu ya kichwa cha shangazi.

Shangazi akatazama dari. "Huyo mmoja," akasema.

Akaanza kucheka, mtandio ukamwanguka, akawaambukiza wengine mpaka yule mzee akajifuta masharubu. Kwao pia, alisema shangazi, jina halitajwi. "Sisi twamwita mkwe."

Kabla ya Alasiri neno la posa lilikuwa limekwisha kukubaliwa. Dari nililikata baadaye kwa msumeno, maana wageni walifia mahali ambapo mkono haufiki na harufu haikuvumilika. Kanzu ya pili nayo ilitobolewa, palepale, na aliyebaki hai.

Baada ya harusi nilikwenda visiwani kumtembelea binti yangu. Nikawekewa wali na ng'onda, samaki mkavu wa kuchoma, ukumbini, nikawa nakula peke yangu. Kutoka jikoni nikamsikia shangazi akiuliza, "Mkwe ameshamgusa yule samaki?"

"Anamla, shangazi."

"Mwache amalize. Usimshtue."

Mkono wangu ukasimama. Nikamtazama ng'onda. Nikatazama juu, hakuna dari, boriti tupu za zamani, na kati ya boriti giza. Huko jikoni binti yangu akaangua kicheko, kile chake cha utotoni, cha kujizuia na kushindwa. Nikala mpaka miiba.