Nilimwambia Mbwa Wake Amekufa

Uongo nimeusema mwingi maishani, na karibu wote ulikuwa juu ya mbwa. Kwa hiyo leo nikikuambia kwamba hili lilinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, usinikatalie haraka. Kama huamini, nenda Bwera umuulize Mama Masika, mkulima wa kakao. Yeye hana sababu ya kunitetea, maana alinikasirikia sana.

Ninakaa Kasese, nyuma ya kambi ya askari. Marehemu mume wangu alikuwa polisi, na baba yangu kabla yake, kwa hiyo nimeona familia nyingi zikihamishwa. Amri inakuja leo, lori linakuja kesho. Watu wanabeba godoro, wanabeba sufuria, wanabeba hata kamba ya kuanikia nguo, na mbwa wanamwacha mlangoni akitazama vumbi. Hapo ndipo mimi ninapoingia. Ninamchukua, ninaosha vidonda vyake kwa maji na chumvi ya Katwe, ninampikia posho, ule ugali wetu, pamoja na vichwa vya samaki vinavyoletwa kutoka Hamukungu. Akipata nguvu ninamtafutia nyumba nyingine. Watu wananiita Mama Mbwa, wakidhani wananitukana.

Sheria zangu zilikuwa chache. Simpi mtu mbwa kabla sijaingia uani kwake nikaona mahali atakapolala. Ninampeleka mbali, asije akarudi kwa kufuata harufu. Nikishamwacha, sikanyagi huko miezi mitatu ili anisahau. Na sheria ya mwisho ndiyo iliyoniponza. Unajua, wale waliowatupa mbwa wao, wengine hurudi. Mwaka unapita, wanahamishiwa Kasese tena, wanakuja kwangu wakitabasamu: mama, tumekuja kumchukua mbwa wetu. Wetu! Mbwa ambaye sasa ana uwanja wake na watoto wa kucheza nao, nikamng'oe tena niipe kambi nyingine nafasi ya kumtupa? Kwa hiyo wote niliwapa jibu moja: alikufa, poleni. Walisikitika dakika mbili wakaenda zao, na mbwa akabaki salama alipo. Niambie, wewe ungefanya nini?

Lakini Koplo Odongo hakumtupa mbwa wake. Hilo lazima nilikiri kabla sijaendelea.

Alikuja mwenyewe, kijana mrefu wa kutoka mashariki, mbwa wake akiwa ameoshwa hadi anang'aa. Alikuwa mbwa mweupe mwenye sikio moja lililokatika, jina lake Posho, kwa sababu alipokuwa mdogo alikamatwa kichwa kikiwa ndani ya sufuria ya jikoni kambini. Koplo alileta na mfuko wa unga. Katika miaka yangu yote ya kazi hii, hakuna mwingine aliyewahi kuniletea hata kijiko cha unga.

"Mama, mimi situpi hii mbwa," alisema. "Naiweka tu. Tunaenda ng'ambo, Congo. Nikirudi nakuja kuchukua. Usipatie mtu."

"Nenda, mwanangu," nikamwambia. "Sipatii mtu."

Akachuchumaa, akamshika Posho kichwa kwa mikono miwili, akamwambia kitu ambacho sikukisikia. Kisha akaondoka bila kugeuka nyuma. Posho alilia siku tatu, na mimi, nisikufiche, nililia naye.

Mwezi wa kwanza Koplo alipiga simu mara mbili. Aliniomba niweke simu kwenye sikio la mbwa, nikaiweka. Mwezi wa pili simu yake haikupatikana, wala wa tatu, wala wa nne. Uani kwangu panatosha mbwa watatu, na wakati huo walikuwa sita. Mwenye nyumba akaanza kunong'ona juu ya kelele. Nikajiambia kwamba Koplo naye ni askari kama askari wengine, amepata maisha mengine huko, amesahau. Ni rahisi kumfikiria mtu vibaya unapotaka kuvunja ahadi uliyompa.

Ndipo akaja Mama Masika kutoka Bwera. Mumewe alikwisha fariki, na wezi walikuwa wanamalizia kuku wake. Alimwona Posho, na Posho akamnusa mkono, akakaa karibu na miguu yake.

"Hii imbwa iko muzuri," akasema. "Mimi niko peke yangu, batoto bote beko Kampala. Unipatie."

Nilikwenda kwake kuangalia. Nyumba safi, uwanja mkubwa, kivuli cha mikakao, na mama mwenyewe mpole. Nikampa. Sikumwambia kwamba Posho alikuwa na mwenyewe. Wiki mbili Posho hakula vizuri, nikawa sipati usingizi. Kisha Mama Masika akapiga simu akicheka: "Leo imekula yote! Imelala ku miguu yangu." Nikamshukuru Mungu.

Sasa nisikilize vizuri.

Ilikuwa saa nane mchana, miezi miwili baadaye. Mvua ilishuka kutoka milimani, ile mvua ya kwetu inayopiga mabati hadi husikii unachowaza. Nilikuwa barazani nachambua maharagwe. Nikainua macho, nikamwona Koplo Odongo amesimama langoni kwangu.

Moyo ulinipasuka kwa aibu. Fikiria, nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba mtu huyu hatarudi, na huyu hapa. Mbwa wangu hubweka hata mchungaji wa kanisa akija, lakini siku ile hakuna aliyebweka. Mtoto wa mbwa mmoja tu alijikokota hadi langoni, akanusa pale Koplo alipokuwa amesimama, akaendelea kunusa mbele, kama mahali pasipo na mtu. Hilo niliona. Na nguo zake, Mungu wangu, zilikuwa kavu kabisa. Hilo pia niliona, lakini hofu ya kuulizwa ilikuwa imenijaa, sikulitia maanani.

"Ingia, mwanangu, mvua," nikamwita.

Hakuingia. "Mama, nimekuja kwa mbwa," akasema. Alisema taratibu, na katikati ya kelele zile za mabati nilimsikia vizuri.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Ningesema, Posho yuko Bwera, kwa Mama Masika, nisamehe. Maneno saba tu. Lakini niliwaza yule mama peke yake, niliwaza Posho aliyekuwa ameshazoea kule, na zaidi ya yote nilijiwaza mimi na ahadi yangu. Ulimi ukaenda wenyewe katika njia uliyoizoea.

"Pole sana, Koplo. Mbwa ilikufa."

Hakulia, wala hakugomba. Wale wengine wote huuliza alikufa kwa nini, alizikwa wapi. Yeye alinitazama tu, muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipopita.

"Kule sijaiona," akasema. "Lakini kule ni kubwa. Nitatafuta."

Akageuka akaenda. Nilidhani anasema kule nyuma ya kambi, tunakozika mbwa. Nikarudi kwenye maharagwe yangu.

Siku ya nne akaja sajini mmoja, mtu mzima, ameshika mkanda wa ngozi wa shingoni, mpya, wenye kengele ndogo.

"Mama, hii ilikuwa ndani ya begi ya Koplo Odongo," akasema. "Alinunua kwa mbwa yake. Alisema mbwa iko kwa Mama Mbwa."

"Mbona hakuleta mwenyewe?" nikauliza. "Si alikuwa hapa juzi, afande?"

Sajini akavua kofia. "Hapana, mama. Odongo alikufa. Homa ilimukamata huko ng'ambo. Sasa ni mwezi ya tatu. Mimi mwenyewe nilibeba sanduku mpaka kwao."

Nakumbuka nilikaa chini, kwenye udongo wenye tope, nikiwa na kanga yangu ya kanisani. Sikuogopa kwamba nimemwona mfu. Niamini, hofu hiyo ilikuja baadaye, na ilikuwa ndogo. Kilichonikata maini ni lile neno lake, "kule sijaiona." Alikuwa amemtafuta mbwa wake upande wa pili, hakumkuta, akaja kuniuliza mimi, mtu pekee aliyemwamini. Nami nilimrudisha kulekule kumtafuta asiyekuwako.

Kesho yake nilikwenda Bwera nikamweleza Mama Masika kila kitu. Akawaka.

"Ulinificha iko na mwenyewe!" akasema. "Ile siku ya mvua imbwa ilitoka ku jiko, ikaenda ku njia, ikalia sana. Nikaiita, haikunisikia. Mimi nikafikiri iko na ugonjwa. Kumbe mutu wake alikuwa anaitafuta!"

Tangu siku ile, kila saa nane, Posho huenda barabarani, akaketi, akawatazama watu wanaopita kuelekea mpakani mwa Congo. Ikifika saa kumi hurudi. Nilimvalisha ule mkanda. Aliunusa, akaninusa mimi, akalala kifudifudi bila sauti.

Miaka mingi imepita. Nimesali, nimeombewa, nimefunga. Kila mvua ya mchana mimi huenda langoni kwangu na kusema kwa sauti: Koplo, nilikudanganya, yuko Bwera, yuko hai. Majirani wanasema mjane amechanganyikiwa. Wacha waseme. Odongo hajarudi hata mara moja, na kwa nini arudi? Jibu alishapewa.

Mbwa bado ninawapokea. Lakini mwenyewe akija, hata awe yule aliyetupa bila haya, ninamwambia mbwa alipo na nani anaye. Tunagombana, wakati mwingine tunafika hadi kwa mwenyekiti wa kijiji, lakini ninasema. Na wewe unayenisikiliza, kama umeachiwa kitu na mtu anayekipenda, siku akija kukiuliza mpe ukweli, hata ukukwame kooni. Huwezi kujua anauliza akiwa wapi.

Juzi Mama Masika aliniita. Posho amezeeka, macho yamefunga ukungu, chakula amekataa siku ya tatu sasa. Nimekaa naye sakafuni tangu asubuhi. Wengine wangeomba apone. Mimi nimemwinamia kwenye lile sikio lake zima, nimemwambia: ukifika, usingoje kutafutwa. Kimbia umtafute wewe, yeye amechoka.