Siku Nilipogeuka Nyuma

Juzi nilisimama mbele ya nyumba moja kongwe ya Mji Mkongwe, ambayo siku hizi ni hoteli. Mlinzi akanitazama toka utosini mpaka visiginoni. "Unamtafuta nani, dada?" Nikamwambia simtafuti mtu, natazama tu. Hakuniamini hata chembe, nami nikacheka peke yangu, maana nimelelewa na bingwa wa kutoamini watu.

Bibi yangu, we acha tu! Alikuwa akishuku hata maji ya kunywa ya nyumba za watu. "Kikulacho ki nguoni mwako," ndiyo kauli yake, kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi pembeni nachambua mchele. Sasa fikiri alivyokuwa aliposikia kwamba uani mwa nyumba ile kuna mwalimu anafundisha watoto judo, tena bure. "Bure? Ana lake jambo huyo."

Mama ndiye aliyenipeleka, kwa sababu nilikuwa mwoga wa kupindukia. Nikiitwa darasani, badala ya kuitika "naam" nalia. Nikitumwa dukani narudi mikono mitupu, eti paka kakaa njiani. Lakini pale uani, tukirushana juu ya magodoro, pu! pu!, nilijifunza kuanguka na kuinuka, na nikapapenda kuliko mahali popote.

Halafu jirani akaleta sahani ya visheti pamoja na habari: watoto humwinamia mwalimu wao kabla ya kuanza. Lahaula! Bibi hakuvigusa visheti. "Lisemwalo lipo," akasema. "Mwenye kuinamiwa ni Mungu peke yake. Nikihakikisha, hurudi tena huko." Usiku ule nililia kimyakimya.

Wiki ileile nikaanza kufuatwa. Mwanamke wa buibui na nikabu, macho tu yanaonekana. Nikisimama, naye husimama, anajitia kutazama vitambaa dukani. Nilishuku mwizi wa watoto, nikashuku jini. Sikumwambia mtu, nikichelea kukatazwa kutoka.

Alasiri moja, kwenye kichochoro ambacho hata pikipiki haipiti, nikasikia makubadhi yake nyuma yangu. Mwalimu alizoea kutwambia, "Ukiogopa, simama vizuri kwanza." Basi nikageuka, nikaipanua miguu.

"We nani? Unanitakia nini?"

Sauti ilijaa kichochoro kizima. Sikujua kama ni yangu. Yule mwanamke akarudi nyuma, mgongo ukagonga ukuta.

"Ala! Punguza sauti, mtu mzima mie!"

Bibi! Akafunua nikabu, jasho linamtiririka. Kumbe siku zote alikuwa akinifuata aone kwa macho yake naenda kumwinamia nani.

"Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Alinitazama kwa shaka, kana kwamba wamembadilishia mjukuu. "Na lau ningekuwa mtu mbaya?"

"Ningekupiga mtama."

"Weye?"

"Mie."

Akacheka mpaka akakaa kwenye kibaraza cha watu. "Marahaba, mama," akasema mwishowe, akijifuta macho.

Siku ileile aliingia uani pamoja nami. Chai aliyopewa hakuinywa. Alitazama mpaka mwisho, kisha akamwambia mwalimu, "Mjukuu wangu ataweka mkono kifuani. Kuinama, hainami." Mwalimu akaweka mkono wake kifuani. "Na iwe hivyo, Bibi." Tangu hapo darasa zima tukawa tunasalimiana hivyo.

Hakunifuata tena. Nami nikawa napita katikati ya njia, kichwa juu, paka au hapana paka.

Sasa magodoro hayapo, uani watalii wanakunywa juisi, na Bibi kesharejea kwa Mola wake. Juzi nilipoachana na mlinzi nikasikia viatu nyuma yangu. Niligeuka upesi, miguu nimeshaipanua. Alikuwa mgeni tu, kapotea. Nikamwonyesha njia, akaenda zake. Nikabaki nimesimama pale kichochoroni, natamani, wallahi, mtu wa kunishuku hata anifuate.