Vespa Iliyoundwa Ghorofani

Vespa yangu ya umeme niliiunda ghorofani. Sisemi kwa kujisifu. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ina ngazi nyembamba, za wima, na katikati zinakata kona penye ukuta mnene ambapo mtu mwenye tumbo hupita ubavu. Ganda la vespa nililipandisha likiwa tupu, halina injini, halina magurudumu, halina usukani. Nikakaa nalo ukumbini miezi kadhaa. Nikalitia mota, nikalipitishia waya, nikarudisha usukani na magurudumu, nikalisugua mpaka likang'aa. Siku nilipomaliza niliipanda pale pale ndani, nikaizungusha baina ya makochi na kabati la vyombo, polepole, bila kelele wala moshi. Nikajiona fundi. Mama alikuwa amekaa chini anachambua mchele. Alinyanyua uso akaniuliza kwa upole:

"Sasa itashukia wapi?"

Wallahi sikuwa nimelifikiria hilo.

Sababu ninayo, ingawa si nzuri. Mimi ni mtu wa ndani. Nilimaliza kidato cha nne, nikashika kazi mbili tatu za kutoka asubuhi na kurudi jioni, zote zikanishinda kwa hilo hilo la kutoka. Nikaishia kutengeneza feni na pasi za watu, kazi ninayoipenda kwa kuwa inakuja yenyewe mpaka mlangoni. Jirani yetu wa chini, mama mmoja mtu mzima anayepika mikate ya kumimina ya kuuza, alishanipa jina. Ananiita Mwari, kama msichana aliyewekwa ndani kungoja harusi. Akipanda na feni yake huuliza kwanza kama mwari yupo, utadhani kuna siku amewahi kunikosa. Sasa mtu kama mimi angeifanyia wapi kazi ile? Barazani mbele ya nyumba wanakaa wanaume tangu alasiri, na hakuna hata mmoja asiyejua vespa kuliko aliyeitengeneza. Nikaona bora juu, kwa mama, ambaye haulizi.

Vespa yenyewe ilikuwa ya baba. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri alikuwa akimpakia mama, amekaa upande na buibui lake amelibana chini ya paja, wanakwenda Mtoni kwa dada yake mama, ambaye kwangu ni mama mkubwa. Baba alipofariki mama alikaa eda humo humo ghorofani, kama inavyotakiwa. Eda ikaisha. Mama hakushuka. Kwanza tulisema magoti, halafu jua, halafu mvua. Mkate alikuwa akiununua kwa kikapu, anakiteremsha kwa kamba dirishani, jirani anatia mkate, kikapu kinapanda. Tukawa wari wawili ndani ya nyumba moja, na kusema kweli mimi sikuona ubaya. Chai ilikuwa tayari kila nilipoitaka.

Tena alikuwa na simu. Kila jioni, baada ya magharibi mpaka inapoadhiniwa isha, yeye na dada yake walikuwa wakizungumza. Wakigombana kuhusu tui la mchuzi waliopika wangali wasichana, nani alilikata likafanya madonge. Kisha mama mkubwa akapigwa na kiharusi. Upande mmoja ukalala, na kauli ikaondoka.

Mama aliendelea kupiga. Binti yake mama mkubwa alikuwa akimwekea simu sikioni, na mama akawa anahadithia peke yake, ananyamaza kidogo kama anayejibiwa, anaendelea. Mimi nilikuwa nikikaa na pasi ya mtu mapajani, nikisikia. Jioni moja alikata simu mapema.

"Ananipumulia tu," alisema. "Huyu sasa anataka kuonwa, si kupigiwa."

Nikamwambia twende. Nikataja teksi. Akasema gari haingii mtaani, na yeye hawezi kutembea mpaka barabarani. Nikataja vespa ya baba, iliyokuwa imelala chini ukumbi wa mlangoni na kutu yake. Akasema ile ina moshi, na kifua chake cha pumu nakijua. Isingekuwa moshi angekwenda. Sasa mimi ni mtu wa feni. Mtu akiniambia feni yake inapiga kelele, naondoa kelele, simuulizi mengine. Mama kasema moshi. Nikaamua kuondoa moshi.

Injini niliitoa ikaenda kwenye chuma chakavu. Panya walishaifanya makazi. Mota niliipata Mwanakwerekwe, imo ndani ya gurudumu la baiskeli ya umeme iliyovunjika mgongo, na muuzaji aliniapia kuwa kilichovunjika ni mgongo tu. Gurudumu lilikuwa kubwa kuliko mahali pake, ikabidi mota itolewe ikafungwe kwenye ringi ya vespa, na huko Michenzani nilikompelekea fundi alinitazama kama niliyemletea mbuzi nikataka amgeuze ng'ombe. Betri zilikuwa za mtumba, za aina mbalimbali, kila moja na tabia zake. Nilijifunza kuziunganisha kwa video za kwenye simu, zinazosemwa kwa lugha nisiyoijua, kwa hiyo nilifuata mikono tu. Kile kisanduku kinachoipimia mota umeme, mafundi wanakiita kontrola, cha kwanza nilikiunguza siku ile ile nilipokinunua. Mama alifungua madirisha yote akatia udi, akasema bora ule moshi wa petroli, ulikuwa na adabu. Cha pili kilipokubali, gurudumu likazunguka kinyumenyume. Nikabadilisha waya mbili likaenda mbele, na mpaka leo sijui kwa nini zile mbili. Kifuniko cha sanduku la betri nilikikata kwenye mfuniko wa sufuria ya pilau. Mama aliutafuta siku nyingi, nami nikimsaidia kuutafuta.

Kwa hiyo alipouliza itashukia wapi, jibu la mtu mwenye akili lingekuwa kuifungua vipande. Lakini niliyoyafunga sikuwa na hakika naweza kuyafunga tena. Tangu ilipokubali kwenda nilikuwa siigusi, kama mtu aliyefanikiwa kumlaza mtoto. Nikamwambia mama tungoje, nitafikiri. Nikakaa nikifikiri, siku zikapita, vespa imesimama ukumbini nguo zinaanikwa juu yake.

Wakati huo simu za jioni zilikuwa zimefika mahali pa kutisha. Binti yake mama mkubwa alisema mgonjwa sasa anafumba macho akisikia sauti ya mama kwenye simu, na machozi yanamtoka kwa jicho moja. Mama aliweka simu chini, akachukua kikapu, akaenda dirishani. Nilidhani anataka mkate. Kumbe kikapu kilishuka kitupu, ili jirani anyanyue uso, na mama akamwambia yote: vespa iko juu, inakwenda, haina pa kushukia, na yeye anataka kwenda Mtoni.

Jirani alilifikisha barazani kabla kikapu hakijapanda.

Walikuja wanaume wanne, pamoja na mzee anayesimamia mazishi ya mtaa wetu. Nikampa shikamoo, akanipa marahaba bila kunitazama. Alikuwa ameshaanza kupima ile kona kwa shubiri. Wengine waliizunguka vespa wakitikisa vichwa. Mmoja aliuliza kama na kitanda changu nilikiundia humo humo, mwengine akasema wamuache mwari, siku ya harusi atashushwa nayo. Nilitoa betri, maana hizo angalau zilikuwa zinatoka. Wakaibeba mpaka kichwa cha ngazi, wakaanza kubishana: ipite ubavu, isimame, irudi nyuma. Mzee akawaacha wamalize. Kisha akasema:

"Miguu itangulie. Mkifika kwenye jiwe linalotokeza, wa mbele apige goti, wa nyuma anyanyue kichwa mpaka kiguse boriti. Ndivyo tulivyompitisha baba yake."

Siku ile ya mazishi mimi nilikuwa kati ya waliobeba, lakini nilichokuwa nakitazama ni miguu yangu. Sikuwahi kuijua hiyo habari ya jiwe. Wao waliijua. Nyumba zote za mtaa ule wanazijua kona zake kwa mabega, kwa kuwa kila nyumba wameshamshusha mtu.

Wakaanza kushuka. Gurudumu la mbele likatangulia, wa mbele akapiga goti kwenye jiwe, usukani ukapita chini ya boriti pasipo hata nafasi ya kidole. Na mmoja wao, kwa mazoea tu ya kubeba, akaanza kutoa shahada kwa sauti. Akaitikiwa na mwenziwe. Halafu wote wawili wakagundua wamebeba nini.

Nilimtazama mama kwa hofu. Alikuwa amesimama juu ya ngazi, amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika, na ilinichukua muda kufahamu kuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu baba alipofariki. Alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akaingia ndani, akatoka na buibui lake.

"Na mie nshuke kwa miguu yangu," alisema, "kabla nyie hamjaja kunishusha hivyo."

Alishuka kwa kukaa, kidato kimoja baada ya chengine, mkono ukutani. Alipofika kwenye lile jiwe alilishika, akakaa nalo kidogo. Hakuna aliyemharakisha. Hapo ndipo nilipofahamu, nimechelewa kama kawaida yangu, kuwa haikuwa moshi wala magoti, ilikuwa ile kona. Nilikuwa nimehangaika miezi na waya kutengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Lakini vespa ilikuwepo, na Mtoni ilikuwa pale pale. Nikarudisha betri, mama akakaa upande, akalibana buibui chini ya paja. Tukaondoka. Nako vichochoroni nikakuta tatizo ambalo video hazikulitaja. Watu wetu hawaangalii vespa, wanaisikiliza. Wakisikia mlio wanapanda barazani, vespa inapita, wanashuka. Yangu hailii. Tulimfikia mama mmoja mwenye kapu la samaki karibu tumguse kisigino, akaruka, akatuapiza mpaka vizazi. Honi ilikuwa kwenye orodha ya vitu nitakavyofunga baadaye. Ikabidi nipige hodi. Mimi, nisiyepaza sauti hata nikiungua na pasi, nikawa napita Mji Mkongwe mzima nikisema hodi, hodi, na kutoka kila nyumba wananijibu karibu. Mlango mmoja ulifunguliwa kabisa. Baada ya kona mbili mama aliona namwaibisha, akaichukua kazi ile mwenyewe, na sauti yake, ambayo miaka ile yote ilikuwa ikitosha umbali wa dirishani tu, ikatufungulia njia mpaka Malindi, vichochoro vinapoishia.

Barabara ya Bububu tulikwenda pole. Baiskeli zilitupita. Mkono wa mama ulikuwa umeshika shati langu mgongoni, pale pale, bila shaka, alipokuwa akilishika la baba.

Mama mkubwa alikuwa amelazwa chumba cha mbele. Mama aliingia bila kuvua hata viatu, akakaa kitandani. Mama mkubwa alimtazama muda mrefu, kisha mkono wake ulio mzima ukatoka polepole, ukashika ncha ya kanga ya mama, ukaifumba ndani ya kiganja. Haukuachia. Ililetwa chai, mama akainywa kwa mkono mmoja ili asiivute ile kanga. Akaanza kuhadithia kama alivyokuwa akihadithia kwenye simu, kuhusu tui. Safari hii alipokiri kuwa yeye ndiye aliyelikata, mdomo wa mama mkubwa ulikwenda upande, ule upande unaokwenda.

Jua lilipoanza kulala nikasema turudi, betri zangu sizijui tabia zake gizani. Mama aliutazama ule mkono uliofumba kanga yake.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Kesho niletee nguo. Na dawa ya kifua. Na ule mfuniko wa sufuria ukiuona."

Nikamwambia naam. Nilirudi peke yangu. Vespa bila mama ilikuwa nyepesi, ikakimbia kuliko nilivyoizoea, na nilijikuta naizuia. Vichochoroni nikapiga hodi kwa sauti yangu ndogo, wakanikaribisha, nikapita. Nilifika mtaani kabla ya magharibi. Jirani yetu alikuwa mlangoni na mikate yake. Alikitazama kiti cha nyuma, akanitazama mimi. Nikamueleza kuwa mama amebaki, na kuwa atabaki mpaka mgonjwa apate nafuu, na kuwa mimi nitakuwa nakwenda kila siku na kurudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akafunika mikate yake kwa kitambaa, akasema:

"Miezi yote hiyo, Mwari, unaunda chombo cha kumtoa mama'ko ndani, na kweli kimemtoa. Haya, leo nani atakupikia, betri?"