Ua Juu ya Keki ya Mama Mdogo

Vanila ikikutana na moshi wa mkaa, mimi hurudi Butimba nilikokulia. Vanila peke yake hainifanyi kitu, naisikia kila nikipita nje ya duka la keki. Lazima iwe na mkaa, na kwa mbali harufu ya siagi inayoanza kuungua ukingoni mwa sufuria. Hapo nina miaka tisa tena, nimechuchumaa nyuma ya nyumba yetu mbele ya jiko, nimekabidhiwa kazi moja tu, nayo ni kutofanya kitu.

Kwetu hakukuwa na oveni. Mama alimwaga mchanga kwenye sufuria kubwa, akaweka ndani yake sufuria ndogo yenye keki, akafunika, kisha akapanga makaa ya moto juu ya mfuniko. Sheria yake ilikuwa kwamba mfuniko haufunguliwi mpaka yeye aseme. "Keki haitaki kiherehere," alikuwa akisema. Na kiherehere, nawaambieni ukweli, nilizaliwa nacho.

Siku hiyo haikuwa keki ya kujaribia. Mdogo wake mama, mama mdogo Kabula, tuliyeishi naye na aliyenifundisha kusuka, alikuwa anafanyiwa sendofu jioni, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Alikuwa anaolewa na kijana wa Bukoba. Mama wa kijana alishavuka ziwa kwa meli, na aliagiza kwamba keki ya kununua haitaki. "Nataka nionje mkono wake mwenyewe," alisema. Tulikuwa tumesikia pia kwamba mama huyo alishawakataa mabinti wawili, na kwamba kwake ugali si chakula, chakula ni ndizi. Mama mdogo alikuwa hajalala siku mbili. Alimpenda yule kijana na wala hakuficha.

Alikoroga keki mwenyewe, akaibandika, akaenda saluni. Mama akaingia ndani kupiga pasi. Nikabaki mimi na mfuniko.

Nilifungua mara tatu. Mara ya kwanza nilitaka kuona kama imeumuka, na ilikuwa imeumuka vizuri sana. Mara ya pili nilitaka kuhakikisha kwamba mara ya kwanza niliona sawasawa. Mara ya tatu kaa la moto likadondokea katikati ya keki. Nikalitoa kwa koleo, na keki ikaanza kushuka taratibu, kama mtu mzima anayekaa chini kwa uchovu. Katikati palibaki shimo la kutosha bakuli la mboga.

Sikulia, niliogopa mno. Nilimwita mama. Alilitazama shimo, akalitazama jua. Wageni walikuwa wanakuja saa kumi, ngano ilikuwa imekwisha, na mayai yote yalikuwa humo humo. Aliingia jikoni akatoka na ugali wa mchana, wa sembe, mweupe, umeshapoa. Akauponda kwa siagi, sukari na matone ya vanila, akalijaza shimo, akasawazisha kwa kisu na kupaka krimu juu kote. Pale penye ugali akachora ua kubwa la pinki, liwe alama.

"Kata pembeni," alimwambia mama mdogo aliporudi. "Hapo kwenye ua usiguse hata kwa bahati mbaya."

Mama mdogo alinitazama tu. Angenipiga ingekuwa nafuu.

Sherehe ilikwenda vizuri mpaka ilipofika keki. Bibi harusi hukata kipande na kumlisha mama mkwe kwa mkono wake, watu wote wakitazama na mpiga video amepiga goti mbele. Mama mdogo akakata pembeni, kipande chembamba. Mshereheshaji, mtu ambaye sijamsamehe hadi leo, akamzuia. "Subiri kwanza, bibi harusi. Mkwe huyu amevuka ziwa! Mpe ua."

Vigelegele vikapigwa. Nilikuwa nimekaa mkekani karibu na meza, na niliona mama mdogo akihamisha kisu hadi kwenye ua na kukata. Mama alikuwa anakagua turubai kana kwamba amelishona yeye. Niliona aibu ya kutamani ardhi ipasuke, kwa sababu harusi ile ikiharibika, aliyeiharibu ni mimi.

Mkwe akafungua kinywa. Akatafuna, akaacha, akamwangalia mama mdogo, akatafuna tena polepole na kumeza. Akaomba kipaza sauti. "Mkono wake nimeuonja," alisema. "Nimeridhika." Kisha akataka sehemu yote ya ua iliyobaki ifungwe kwenye foili aondoke nayo, mtu mwingine asikatiwe.

Kwa miaka mingi hicho kilikuwa kichekesho cha nyumbani kwetu. Mla ndizi kalishwa ugali mbele za watu, kaupenda mpaka kabeba! Mimi ndiye niliyekisimulia vizuri kuliko wote, na ule utafunaji wake wa polepole niliuigiza.

Nilikuwa nimeshaanza kazi nilipokwenda Bukoba kumsalimia mama mdogo. Nilimkuta mkwe wake jikoni, mzee sasa. Nikamwamkia, nikachukua kisu kumsaidia kumenya ndizi. Tulizungumza haya na yale, mwishowe kiherehere kikanishinda. Nikamuuliza, bibi, ile keki uliyobeba siku ya sendofu, uliila?

"Niliwapa samaki," alisema, bila kuacha kumenya. "Nilipokuwa melini."

Nikamuuliza tena, sasa uliibebea nini?

"Mashangazi wa mwanangu walikuwa wamepanga mstari wanangoja kulishwa. Mimi nawajua wale. Wangemcheka Kabula mpaka azeeke."

Mama mdogo alikuwa nje anaanika nguo, hakusikia. Nilimenya ndizi kama nne hivi. Miaka yote ile tulijiona wajanja, tumemdanganya mama wa watu. Kumbe alikuwa ameifunga aibu yetu kwenye foili, akaenda kuizika ziwani, na hata mwanawe hakumwambia.