Mlima Unaonekana Mpaka Wapi

Mgeni anayetaka kuuona Mlima Hanang nampa ushauri mmoja tu: aamke mapema. Jua likishapanda, mlima unavuta wingu mpaka kichwani kama mgonjwa anavyovuta blanketi, na hapo utapiga picha za wingu mpaka filamu iishe. Alale Katesh, alale na sweta. Asubuhi anywe chai ya maziwa na kukicha tu awe upande wa Nangwa. Viboko wa Ziwa Basotu wanaweza kumsubiri, hawana haraka. Chumvi ya Ziwa Balangida nayo haihami. Ila barabara ya Basotu masika asiijaribu, kwa sababu ule udongo mweusi unashika gurudumu kama gundi. Hata akiwa na gari linalovuta magurudumu yote manne, asiijaribu bila mimi.

Nasema bila mimi kwa kuwa ni kweli, na wanaonijua hawabishi. Nilizaliwa Maretadu, huko Mbulu, kwa baba mkulima wa mahindi na maharage, shule nikaishia darasa la nne. Nikaenda mashamba ya ngano ya serikali kupaka grisi matrekta. Hakuna aliyenifundisha gari. Nilitazama mikono ya madereva, siku moja dereva akaugua, nikapanda, nikaendesha. Baadaye nikanunua Landrova iliyokuwa imekufa, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Watu wa Gendabi, nilikohamia, walinicheka sana. Niliifufua kipande kwa kipande, na siku ilipounguruma wale wale waliocheka walikuja kuomba lifti.

Kazi ya kutembeza wageni niliianzisha mwenyewe. Mashambani walikuwapo wataalamu kutoka ng'ambo, na Jumapili walichoka kukaa majumbani kwao. Nikawapeleka Basotu, nikawapeleka Balangida, nikawapeleka kwa wahunzi wa Kibarabaig wanaogonga vikuku vya shaba. Na kila safari nilimalizia kwenye kilima cha kaburi.

Hicho lazima nikieleze. Wabarabaig wakifiwa na mzee mwenye heshima kubwa hawamfukii tu. Wanamjengea kilima cha udongo na fito, bung'eda, cha mviringo, kirefu kupita mtu. Kazi inakwenda miezi na watu wanakuja kutoka mbali. Mwisho mtoto wake wa kiume anapanda juu na kukivika majani mabichi. Kimoja kilikuwa kimeachwa katikati ya ngano, matrekta yakikizunguka. Wageni walikipenda sana. Nilijua nisimamishe gari wapi ili kivuli kikae vizuri kwenye picha.

Sasa, jirani yangu pale Gendabi alikuwa mama mmoja wa Kibarabaig, mjane, mtu wa umri wa mama yangu. Mke wangu alimpelekea mahindi, yeye akatuletea maziwa. Mwanangu wa kwanza alikua kwa maziwa ya mama yule, miezi ile mke wangu alipolazwa hospitali. Ndiyo sababu nilijifunza Kibarabaig vizuri, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia sukari tu.

Asubuhi moja nikamkuta amesimama karibu na gari, siyo mlangoni kwangu. Amevaa ile sketi yake ya ngozi yenye mikanda mingi, ya siku kubwa, na vikuku vyote. Kibuyu kilikuwa kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Gari lako lina uhai leo?"

"Lina uhai kuliko mimi."

"Basi nipeleke kwa mwenye nyumba yangu."

Mwenye nyumba yake, yaani mumewe, alikuwa amezikwa zamani ng'ambo ya Basotu, kabla ya ngano. Naye alijengewa kilima. Kisha shamba likapanuka, njia za ng'ombe zikafungwa, familia ikasogea mpaka kwetu Gendabi. Tangu hapo mama hakuwa amerudi kule.

"Wanangu wametangulia kusini na ng'ombe," akasema. "Hapa hakuna majani tena. Lori likija, mimi na mkamwana wangu tunafuata. Nisipomwambia tunakokwenda, atatutafuta hapa. Atakuta ngano tu."

"Panda mbele, mama," nikamwambia. "Katika wilaya hii hakuna kaburi nisilolijua."

Sikumuuliza mahali panaitwaje, na hata ningemuuliza asingejibu. Mwanamke wa Kibarabaig aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake mpaka anaingia kaburini, na mahali pale paliitwa kwa jina la baba mkwe wake, mwenye boma wa kwanza. Desturi hiyo niliijua sana. Niliwasimulia wageni kila Jumapili nao wakashangaa na kuuliza maswali. Lakini mimi nilijua kilima kimoja, kile kilichobaki, na kichwani mwangu kilichobaki ndicho kilichokuwa chake.

Njia nzima hakutazama mbele. Aliutazama mlima, shingo imegeuka, kama mtu anayemchunga mtoto asije akaanguka.

Kwenye geti la shamba alikuwapo mlinzi mmoja mwenye maneno mengi, tuliyezoeana naye. Akachungulia dirishani.

"Ehee! Leo umetuletea mtalii wa nchi gani?"

"Wa hapa hapa."

"Anakuja kuangalia nini?"

"Utalii ni kuangalia, mwenzangu. Anaangalia anachotaka."

"Mwambie ngano yangu asiikanyage, wiki hii inavunwa. Mnakwenda eneo gani, niwaambie wenzangu wa mbele?"

Nikamtazama mama. Mama akatazama magoti yake.

"Kule kwenye kaburi la picha," nikasema.

"Aa, kumbe kule kule." Akainua mti wa geti.

Nikasimamisha gari pale pale ninaposimamisha siku zote. Nikashuka kumfungulia mama mlango, na mdomo ukataka kuanza maelezo wenyewe kwa mazoea. Nikaufunga. Mama akakizunguka kile kilima polepole, akakigusa kwa mgongo wa mkono. Mimi nilikuwa nimevua kofia. Kisha akarudi, akapanda garini.

"Huyu namfahamu," akasema. "Alikuwa mkorofi. Aliwahi kumnyima mume wangu maji ya ng'ombe, kiangazi kikali. Si wangu."

Ningecheka siku nyingine. "Wako yuko wapi, mama?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Akaelekeza kidevu mlimani. "Endesha. Mlima ukikaa vizuri nitakuambia."

Nimeendesha na wataalamu wenye ramani za kukunjua mpaka zinafunika kioo cha mbele. Sijawahi kuendeshwa na mlima. Nilifuata njia za matrekta, ngano kavu ikisugua milango huku na huku, na mama pembeni anasema: "Bado. Umeonyesha shavu sana. Bado. Mtoto anachungulia, ngoja ajifiche." Mtoto ni kile kilele kidogo. Alitaka kiingie chote nyuma ya kikubwa, kama mtoto mgongoni.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo nilipoletwa nikiolewa. Nikitoka mlangoni asubuhi, mlima ulikaa hivi."

Tukashuka. Mbele ngano, nyuma ngano, imeiva mpaka imekuwa nyeupe. Boma hakuna. Mama akatembea hatua chache, akarudi, akatazama huku na huku.

"Palikuwa na mgunga," akasema. "Mgunga mkubwa. Amelala kati ya mgunga na mlango wangu."

Hapo nikaelewa shida yetu. Mlima ulitupa mstari tu: ukitembea kuuelekea kutoka pale, au ukirudi nyuma, yule mtoto anabaki amejificha vile vile. Mti ndio ungetuonyesha mahali. Na miti yote ya tambarare ile ilikuwa imeng'olewa kwa mnyororo, mnene kama mkono, ncha moja kwa trekta hili na ncha nyingine kwa trekta lile. Vilima navyo, pale jembe lilipopita, vilisawazishwa. Nilipanda juu ya boneti, nikapanda juu ya paa. Nikatafuta mwinuko, hata kishimo, hata sehemu ambayo ngano imekuwa tofauti kidogo. Ilikuwa sawa kama meza.

Mama akaninyooshea mkono niliposhuka, akanionyesha chini miguuni pake.

"Ni hapa?"

Aliniuliza kwa sababu ya maneno yangu ya asubuhi, kwamba hakuna kaburi nisilolijua.

"Sijui, mama."

Sikumbuki kama niliwahi kumjibu mtu hivyo kabla ya siku ile, kwa jambo lolote la barabara au la mahali. Yeye hakukasirika. Aliitikia kwa kichwa mara moja, akafungua kibuyu, akaanza kutembea kuuelekea mlima. Alitembea ndani ya ngano, na kila hatua akadondosha maziwa kidogo. Akawa anasema kwa sauti ya chini, ile sauti ya mke anayezungumza na mumewe aliyejilaza. Nilielewa anachofanya. Hakujua alipo, basi angemwaga mstari mzima, na mahali fulani yangemfikia.

Kombaini, ile mashine ya kuvuna, ilikuwa inakuja upande wetu na vumbi lake. Dereva wake nilimfundisha mimi mwenyewe kubadili gia. Akasimamisha, akapiga kelele:

"Fundi! Huyo mgeni wako anamwaga nini humo?"

"Maziwa!"

"Ngano haitaki maziwa!"

"Hasemi na ngano!"

Akakaa juu kule anamtazama. Naye ni kijana wa Gendabi, amekulia jirani na watu hawa. Akazima injini. Sikuwahi kulisikia shamba lile wakati wa mavuno bila injini. Masuke makavu yanasuguana, yanafanya sauti kama mtu anayepepeta mbali.

Kibuyu kiliisha na shamba bado linaendelea. Mama akakitikisa, akakipiga kofi chini, tone moja likatoka, basi. Akageuka kunitazama.

"Kule tunakokwenda panaitwaje? Wanangu waliniambia, limenitoka."

"Usangu."

"Usangu," akaiambia ngano. Akarudia tena, kwa nguvu, akigeukia nyuma tulikotoka, ambako maziwa hayakufika. Kisha akachuma suke moja, akaliangalia, akaliacha lianguke.

Tukarudi. Mlinzi akafungua geti kabla sijapiga honi. Nadhani aliona uso wangu. Tulipopita Katesh mama akanigeukia.

"Wewe Mmbulu, si umefika kila mahali?"

"Nimefika pengi, mama."

"Mlima unaonekana mpaka wapi?"

Hilo nilikuwa nalijua, na nilifurahi kulijua. Nikamwambia: ukishika barabara ya Singida, utauona kwenye kioo cha nyuma kwa muda mrefu sana. Kuna mwinuko mmoja njiani, wenye mawe makubwa yaliyopandana. Juu ya mwinuko ule unauona mara ya mwisho, wote, mpaka mabegani. Ukishuka upande wa pili umekwisha.

"Na Usangu?"

"Usangu hauonekani. Lakini kuna milima mingine, mama. Mikubwa."

"Sikuuliza mingine."

Tukaendelea mpaka nikaona nyumba zetu. Halafu akasema, "Basi kwenye mawe nitageuka. Nikiona mtoto amejificha nitajua nimwangalie wapi."

Nikamwambia kutoka kule mlima umekaa upande mwingine, mtoto huenda asijifiche. Akasema hilo ataliona mwenyewe.

Lori lilikuja siku nyingine, mimi nikiwa Mbulu na wageni. Sikumuaga. Mke wangu aliniambia mama aliondoka akiwa amekaa nyuma kabisa, kati ya mbuzi na vibuyu, na alikataa kukaa mbele na dereva kwa sababu mbele hapaonyeshi nyuma.

Mwanawe mmoja alirudi baadaye kufuata ng'ombe waliobaki kwa ndugu zao. Tulikaa kwangu, mke wangu akampa uji. Aliniambia mama yake hakumaliza mwaka Usangu. Amezikwa kule, kawaida tu, wenyeji wa kule hawajui mambo ya kujenga kilima na wao walikuwa wachache. Nikamuuliza juu ya safari. Nilitaka kusikia habari ya mawe.

"Lori lilichelewa," akasema. "Mke wangu alinieleza. Lilipaswa kuondoka alfajiri, likapata pancha hapo Katesh, wakaondoka jua lipo utosini. Walipofika kwenye mawe mama akagonga ubao dereva asimame. Alisimama, alikuwa mtu mzuri. Mama akasimama nyuma ya lori, ameshika mbuzi, anatazama."

"Akauona?"

"Saa ile? Ilikuwa wingu tupu. Dereva akamsubiri kidogo, kisha akamwambia, mama, twende."

Siku hizi mashamba yale yamepoa. Matrekta mengi yamesimama, nyasi zinaota kwenye magurudumu, na wataalamu walirudi kwao. Wageni ninaopata sasa ni wapita njia wanaokwenda Singida, na mimi bado nawapeleka, kwa Landrova ile ile, maana hakuna anayeweza kulitunza gari kama mimi. Nikiwachukua nawaamsha gizani. Wananung'unika, wanauliza haraka ya nini. Nawaambia ya barabara.

Kwenye mawe nazima injini. Kukiwa kweupe tunashuka, mlima wote upo, mpaka mabegani, na wao wanapiga picha. Mtoto hajifichi ukitazama kutoka pale. Anaonekana peke yake pembeni. Wakiuliza kwa nini tumesimama, nawaambia gari linapumzika.