Siku Ilunga Aliponiambia Tosha

Naisimulia aibu hii kwa sababu mke wangu ameshaisimulia saluni nzima anayosukia nywele kule Rosettenville, Johannesburg, na kila akiisimulia ananiongezea ujinga, basi bora muisikie kwangu yenye ujinga wangu halisi, ambao nao si haba.

Mwaka 2017 nilikuwa mlinzi wa geti Diepsloot, huko huko Johannesburg, zamu za usiku, na kampuni yetu ikatangaza mashindano ya kulenga shabaha: atakayeongoza anakuwa mkufunzi wa silaha, kazi ya mchana, unalala kwako kama watu. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote (Mwanaidi, mke wangu, aliitaka zaidi, alishachoka kulala na simu badala ya mume). Sasa kulenga najua, Tanga nilikuwa mgambo, ila bastola yangu ilikuwa inaruka kila risasi ikitoka, na ikiruka napoteza muda kuitafuta shabaha upya. Nikasoma mtandaoni kwamba dawa ni springi, ile inayokaa chini ya mtutu na kukirudisha mbele chuma cha juu kila kikishasukumwa nyuma. Ukiweka nyepesi, chuma kinarudi kwa upole, mkono unatulia, unapiga ya pili haraka. Muuzaji akanishauri nianze na ya kati, niijaribu kwa risasi nyingi kabla ya kushuka zaidi. Nikamwambia sharp, sharp, yaani sawa sawa kwa lugha ya huko, nikaondoka na nyepesi kuliko zote.

Asubuhi ya mashindano, uwanjani huko kusini kupita Turffontein, nikampa Ilunga aikague. Ilunga ni Mkongo wa Lubumbashi, mlinzi mwenzangu na fundi wa bastola kutushinda wote, na ingawa alikuwa anaitaka nafasi ileile hana roho mbaya. Bastola ikiwa tupu akaielekeza juu, akavuta chuma nyuma, akakiachia polepole aone kama springi itakifikisha mwisho. Kilisimama padogo tu kabla ya kufika, upana wa ukucha.

"Unaionaje hii nyepesi?" nikamuuliza.

"Ii? Tosha, kaka. Tosha kabisa."

Nikafurahi! Ule upana wa ukucha niliuona, sikatai, lakini fundi akishasema inatosha mimi ni nani? Nikamshukuru. Akaniangalia kidogo, halafu akaitwa kwenye mstari, akaenda zake.

Zamu yangu ikafika. Risasi za kwanza zilikwenda vizuri mno, mpaka Mwanaidi nyuma ya waya akapiga kigelegele (watu wote wakageuka, uwanja wa shabaha hauna mazoea ya vigelegele). Kisha nikavuta kifyatulio, ikalia tik. Chuma hakijafika mbele. Nikakigonga kwa kiganja, kikaingia, nikapiga. Tik tena. Nikagonga tena, ikawa sasa napiga moja nagonga moja, kama mtu na redio yake ya zamani mechi ikiwa imenoga, na huko nyuma vicheko vimeanza. Ndipo nikasikia sauti ya Ilunga: "Tosha, kaka! Tosha!"

Mbele yangu zilikuwa zimebaki shabaha nne, karatasi safi, hazina tundu. Lakini nikajiambia Ilunga amenipigia hesabu ya alama, zimefika. Nikatoa magazini, nikaonyesha chemba tupu, nikairudisha bastola kiunoni, nikageuka na kumpungia mke wangu mkono.

Msimamizi akaniuliza, kwa upole wa kuongea na mgonjwa, kama kweli nimemaliza. Nikamwambia nimemaliza, imetosha. Basi hapo watu walicheka mpaka wengine wakachuchumaa.

Nilimfuata Ilunga nikiwa nimewaka. "Umeniharibia makusudi!"

"Mimi? Asubuhi nilikuambia tosha ile resori, ile springi yako! Ukasema merci, ukaiacha ndani! Na pale nikakuambia tosha magazini, upange mupya, uendelee!"

"Uliniambia inatosha!"

"Sikusema inatosha. Nilisema tosha!"

Tungekuwa pale hadi leo kama Mwanaidi asingefika, anafuta machozi ya kicheko. "Baba Zuhura," akasema, "wateja wangu Wakongo wakiniambia tosha misuko, mimi huwa naifumua. Kwao tosha ni toa."

Alikuwa analijua neno hilo miaka yote, kwenye vidole vyake, na mimi silijui.

Ilunga ndiye aliyepata ukufunzi, na alistahili. Iliniuma, na baridi ya Juni inaponikuta getini bado inauma. Springi niliitosha siku ileile (mnaona, nimejifunza), nikarudisha ya kiwandani, na nimeapa kwamba neno likishakuwa la Kiswahili sitalishukuru kabla sijauliza limetokea ng'ambo ipi ya Ziwa Tanganyika. Ilunga huja kula kwetu Jumapili, na Mwanaidi akiniuliza kama wali umetosha, kwanza naishika sahani yangu kwa mikono miwili.