Ng'ombe wa Faili la Mfano

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tarime, niliyeletwa na serikali kutoka Singida, na ugonjwa wangu mkubwa ni unoko. Ndiyo maana kazi ya kujitolea niliyoipata mtandaoni ilinifaa sana. Tuko watu wa nchi mbalimbali tunaolea miradi michanga ya programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua, kuzisoma na kuzirekebisha. Hatulipwi hata soda. Sheria yetu kubwa ni moja: toleo la kwanza halitoki mpaka walezi watatu wapige kura ya ndiyo, na kila mmoja awe amekifungua mwenyewe kifurushi cha programu, faili kwa faili.

Mradi nilioupenda kuliko yote ulikuwa wa jirani yangu, dada afisa mifugo anayehudumia kata ya Nyanungu kwa pikipiki. Alitengeneza programu ya simu ya kuandika chanjo za ng'ombe. Nilikuwa nimeshamkatalia toleo mara mbili: kwanza hakuweka leseni, kisha akaweka leseni mbili zinazogombana. Alininunia wiki nzima.

Mara ya tatu nilikuwa Sirari, nimeenda kununua viatu, nimekaa kwa mama ntilie nasubiri chapati. Simu ikaita.

"Mwalimu, wenzako wawili wameshapiga kura. Umebaki wewe tu. Kesho naionyesha wilayani. Tafadhali, leo usinitafutie nukta."

Nikaona haya. Nikachungulia leseni, ipo, moja. Nikapiga ndiyo kabla chapati haijageuzwa.

Viatu vilinibana njia nzima, na dhamiri nayo ikanibana. Nilipofika nyumbani nikafungua kifurushi kama nilivyotakiwa tangu mwanzo. Ndani kulikuwa na faili la mfano, ambalo alilipandisha siku ileile ili programu isionekane tupu. Faili la namna hiyo hujazwa vitu vya kubuni. Hili lilikuwa na maboma ya kweli ya Nyanungu: jina la mwenye ng'ombe, idadi yao, rangi zao, na ramani ya kufika zizini.

Walezi wenzangu, mmoja Brazili na mwingine Polandi, wangejuaje? Kwao yale yalikuwa majina tu. Lakini huku mtu haulizwi ana ng'ombe wangapi. Ni utovu wa adabu, na mwizi wa mifugo angeshukuru sana kwa ile ramani. Nilijisikia vibaya, maana mimi peke yangu ndiye niliyeweza kuliona, na nilikuwa nakula chapati.

Niliandika mbele ya wote: "Naondoa kura yangu. Sikusoma." Tukalifuta faili mpaka kwenye kumbukumbu za nyuma, na wale wawili wakafuta nakala zao. Kisha nikampigia dada.

"Nilitaka mfano uonekane wa kweli," alisema. "Hao watu waliniamini mimi tu, mwalimu. Wakijua, hakuna atakayenifungulia zizi tena."

Nikamwambia anyamaze, zaidi yetu walezi hakuna aliyelipakua. Akakataa. Asubuhi, badala ya kwenda wilayani, alinipakia nyuma ya pikipiki tukaenda kwa bibi mmoja mjane, wa kwanza kwenye lile faili. Ng'ombe walikuwa bado zizini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, daktari. Nani anaumwa?"

Dada akaeleza yote, hakuficha kitu. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu vipya. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Uliandika wangapi?"

"Arobaini na mmoja, bibi."

Bibi akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani. "Hao ndio niliokutajia," akasema. "Nilikuwa sijakujua."

Akainuka, akaanza kuchomoa miti ya mlango wa zizi, mmoja mmoja.

"Wewe umekuja kunieleza mwenyewe. Ingia uhesabu. Na huyu mwalimu abaki hukohuko."

Nikabaki, nikawapa mgongo. Dada alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, pole pole. Alipofika arobaini na mmoja hakusimama, nami nikaanza kukohoa kwa nguvu ili nisisikie.